Kibao cha kushikilia yai la sato wakati wa kudunga: mwongozo kamili wa kukitengeneza na kukitumia

Kudunga yai ni kuingiza tone dogo la rangi, dawa au vinasaba ndani yake kwa sindano nyembamba ya kioo, chini ya hadubini. Maswali yanayonifikia kutoka kwa wanafunzi na mafundi wa maabara huku Mwanza yanafanana: yai linabiringika, sindano inateleza juu ya ganda, ncha inavunjika, na likifanikiwa moja, mengi yamepasuka. Mtu anavuta sindano mpya kwa mashine ya kuyeyusha na kunyoosha mrija wa kioo, anabadilisha joto la mashine hiyo, anaazima mirija ya kioo kwa jirani, na matokeo yanabaki yale yale. Nimekaa mezani na wengi wao, na karibu kila mara kasoro haipo kwenye sindano. Ipo chini ya yai. Sindano bila kikalio ni mchi bila kinu.

Kuna sababu nyingine inayowapoteza watu. Maelekezo mengi yaliyoko mtandaoni yameandikwa kwa ajili ya samaki pundamilia, samaki mdogo anayetumika sana maabara, ambaye yai lake ni duara lenye kipenyo cha takriban milimita 1.2. Yai la sato lina urefu wa milimita 2 hadi 3, limerefuka upande mmoja, na ganda lake halitoboki kirahisi. Mfereji wa agarosi (jeli itokanayo na mwani) unaomtosha samaki pundamilia hauwezi kumshikilia sato.

Kibao tutakachotengeneza ni cha silikoni, chenye vishimo vinane kwenye mstari mmoja. Chini ya kila kishimo kuna kitundu cha milimita 0.4, na vitundu vyote vinaingia kwenye mfereji mmoja ulio tumboni mwa kibao. Mfereji umeungwa na mpira wa dripu unaoning'inia chini ya meza. Maji yanayoshuka kwenye mpira ndiyo yanayovuta mayai yakae. Hakuna pampu wala umeme, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya kazi, mayai hayaachiwi.

## Mahitaji

Kwa kutengeneza kibao

- Silikoni ya PDMS yenye sehemu mbili, msingi na kigandisho. Gramu 22 za mchanganyiko zinatosha kibao kimoja na ziada.
- Kalibu mbili zilizochapwa kwa printa ya 3D inayotumia resini, yenye usahihi wa maikromita 50 au chini ya hapo.
- Waya wa chuma cha pua wenye unene wa milimita 0.4. Pini namba 1 za kuhifadhia wadudu zina unene huo huo na zimenyooka vizuri zaidi.
- Pombe ya isopropili, na vanishi ya akriliki ya kupuliza.
- Glavu za nitrili. Usitumie glavu za mpira. Sababu iko hatua ya 3.
- Mizani inayosoma gramu 0.1, vikombe vya plastiki, kijiti, wembe, kipande cha kioo bapa.
- Tanuri linaloweza kukaa kwenye nyuzi 65 na 80 za Selsiasi.

Kwa kuvuta mayai

- Mpira wa dripu wenye gurudumu la kufungia, kutoka duka lolote la dawa.
- Sindano mbili za 18G (zenye kitako cha waridi), zilizokatwa ncha na kusuguliwa butu. Unene wake ni milimita 1.2.
- Kifuniko kidogo cha kuziba sindano moja, bomba la mililita 20, spiriti ya asilimia 70, rula, na bilauri.
- Maji yasiyo na klorini. Maji ya bomba ya Mwanza hutoka ziwani na hutiwa dawa. Yaache usiku mzima yakipigwa hewa, au tumia sodiamu thiosalfeti.

Kwa kudunga

- Hadubini ya kupasulia, mkono wa kusogezea sindano, na mashine ya kusukuma dawa kwa shinikizo.
- Mirija ya borosilikati yenye kipenyo cha milimita 1 na uzi wa kioo ndani.
- Rangi ya fenoli nyekundu, mafuta ya madini, na slaidi yenye rula ya hadubini.

## Hatua ya 1: Pima mayai kabla ya kuchora chochote

Chukua mayai ya majike utakaowatumia kweli, si namba za kwenye kitabu. Ukubwa wa yai hutofautiana kati ya jike na jike, na tofauti ya sehemu ya kumi ya milimita inatosha kuharibu kishimo.

Pima urefu na upana wa mayai angalau ishirini, kisha utafute wastani. Kishimo kiwe na:

- urefu wa yai, ongeza milimita 0.3;
- upana wa yai, ongeza milimita 0.2;
- kina cha kati ya nusu na theluthi mbili ya upana wa yai.

Tuseme wastani wako ni milimita 2.6 kwa 2.0. Kishimo kitakuwa 2.9 kwa 2.2, na kina cha 1.2. Kikiwa kipana mno yai litageuka ndani yake. Kikibana, utalibonyeza ulitoe, na hapo ndipo mayai mengi hufa kabla sindano haijayagusa.

## Hatua ya 2: Chora kuta kwa kufuata msukumo wa sindano

Hatua hii ndiyo moyo wa kazi, usiipite haraka.

Sindano ikigonga ganda, inalisukuma yai zima mbele kabla ya kutoboa. Mvuto wa maji peke yake hauwezi kuubeba msukumo huo. Kazi ya mvuto ni kulizuia yai lisizunguke na lisiinuke. Kazi ya kubeba msukumo ni ya ukuta. Kwa hiyo:

- Ukuta wa nyuma, ule ulio mbali na sindano, usimame wima kabisa.
- Ukuta wa mbele ulale kwa nyuzi 45, ili sindano ipite bila kugonga ukingo.
- Kitundu kiwe sakafuni, karibu na ukuta wa nyuma. Yai likivutwa linarudi nyuma na kuegemea ukuta.

Panga vishimo vinane kwenye mstari ulionyooka, umbali wa milimita 5 kutoka katikati hadi katikati. Ukimaliza yai moja, unasogeza kibao upande mmoja tu, bila kugusa sindano.

Kalibu ya kwanza ni ya tabaka la juu, milimita 60 kwa 25, kina 4. Ina vinundu vinane vya umbo la vishimo, na kila kinundu kina kitobo cha milimita 0.45 cha kusimamishia waya. Kalibu ya pili ni ya tabaka la chini, kina cha milimita 3, yenye tuta moja la upana wa milimita 1 na kimo cha milimita 1. Tuta hili litaacha mfereji.

Mfereji ufunguke pande zote mbili za kibao. Wengi huuacha mwisho mmoja umezibwa kwa sababu mpira ni mmoja tu. Mwisho uliozibwa hufuga povu, na ukifika hatua ya 6 utaona povu moja lina uwezo gani.

## Hatua ya 3: Itibu resini, la sivyo silikoni haitaganda

PDMS hugandishwa na kichocheo chenye platinamu, na kichocheo hicho hulemazwa na mabaki ya resini mbichi na salfa. Ndiyo maana glavu za mpira hazitakiwi, wala udongo wa kuchezea wenye salfa kwa kuziba pembe za kalibu. Dalili yake ni silikoni iliyoganda juu lakini inayonata pale ilipogusana na kalibu.

1. Osha kalibu kwa pombe ya isopropili mara mbili, mara ya pili kwa pombe safi. Kausha.
2. Ianike kwenye taa ya UV kwa muda ulioelekezwa na mtengenezaji wa resini, kisha ongeza nusu ya muda huo.
3. Iweke tanurini kwa nyuzi 80 usiku kucha.
4. Ikipoa, ipulizie vanishi ya akriliki, tabaka jembamba moja, na uiache ikauke kabisa.

Sasa jaribu. Weka tone moja la silikoni iliyochanganywa pembeni mwa kalibu na uligandishe. Likitoka kavu na safi, endelea. Likinata, rudia tangu namba 2. Tone hili linagharimu saa chache. Kulipuuza kunagharimu kalibu nzima na gramu 22 za silikoni ambayo haipatikani duka la mtaani.

## Hatua ya 4: Changanya na kumimina

Pima gramu 20 za msingi na gramu 2 za kigandisho. Uwiano wa 10 kwa 1 ni wa uzito, si wa ujazo. Koroga kwa dakika tano huku ukikwangua kuta na chini ya kikombe.

Simamisha nyaya kwenye vitobo vya kalibu ya kwanza, kisha mimina kalibu zote mbili taratibu kutoka pembeni. Toa mapovu kwenye chombo cha ombwe. Kama huna, weka kalibu kwenye friji usiku mzima. Baridi huchelewesha kuganda na mapovu yanapata muda wa kupanda.

Funika. Jioni wadudu wa ziwani wakifika ufukweni kwa mawingu, wanafuata taa, na bawa moja likiangukia kinundu linaacha alama sakafuni mwa kishimo. Yai halitakaa sawa hapo.

Gandisha kwa nyuzi 65 kwa saa nne. Usipande hadi 80 huku silikoni ikiwa ndani.

Ukifaulu: silikoni ni angavu, haina unato, na kucha ikiibonyeza inarudi yenyewe.

## Hatua ya 5: Toa nyaya, bandua, unganisha

Zungusha kila waya kwa koleo kabla ya kuuvuta. Ukiuvuta moja kwa moja unararua kitundu. Usijaribu kuruka kazi ya nyaya kwa kutoboa silikoni baadaye kwa sindano: sindano inapasua tu, haiondoi kitu, na ukiichomoa kitundu kinajifunga.

Bandua tabaka la juu na uangalie upande nyaya zilikotokea. Silikoni hupanda kidogo kwenye waya kabla ya kuganda, ikaacha ukosi mdogo kuzunguka kila kitundu. Ukate kwa wembe hadi uwe bapa. Ukosi mmoja uliobaki unatosha kuinua tabaka zima na kuleta uvujaji.

Kwa kuunganisha, maabara kubwa hutumia mashine ya plazima. Bila hiyo, silikoni mbichi ni gundi nzuri:

1. Sambaza silikoni mbichi kidogo kwenye kioo bapa, iwe nyembamba kiasi cha kuona kioo kupitia kwake.
2. Gusisha uso wa tabaka la chini, wenye mfereji, kwenye kioo hicho, kisha uinue. Gundi itashika kwenye uso. Mfereji ulio ndani utabaki mkavu.
3. Laza tabaka la juu, vitundu vikiwa juu ya mfereji. Usibonyeze, uzito wake unatosha.
4. Gandisha tena kwa nyuzi 65, saa mbili.

Ingiza sindano butu za 18G pande zote mbili za mfereji. Zina unene kuliko mfereji, kwa hiyo zitabana. Paka silikoni kidogo kuzunguka na ugandishe.

## Hatua ya 6: Fukuza mapovu

Nikiulizwa kwa nini kibao kilichotengenezwa vizuri hakivuti, hapa ndipo ninapoanza kutafuta.

Silikoni haipendi maji. Ukiitumbukiza kavu, hewa inabaki ndani ya vitundu, na mvutano wa uso wa maji unaizuia isitoke. Kwenye kitundu cha milimita 0.4, povu linaweza kuhimili karibu sentimita 7 za kimo cha maji. Wewe umeshusha mpira sentimita 5, unangoja yai livutwe, na povu limekaa mlangoni bila kutikisika. Unashusha zaidi, povu linapita ghafla, yai linapigwa sakafuni.

Fanya hivi:

1. Loweka kibao kwenye spiriti ya asilimia 70 kwa dakika tano. Spiriti inalowanisha silikoni pale maji yanaposhindwa.
2. Ukiwa bado kwenye spiriti, funga sindano moja, na usukume spiriti kwa bomba kupitia nyingine hadi itoke kwenye vitundu vyote vinane.
3. Hamishia kibao kwenye maji bila kukiacha kikauke. Sukuma mililita 60 za maji safi, mara ukiwa umefungua mwisho wa pili, mara ukiwa umeufunga.
4. Jaza mpira wa dripu maji hadi usione hata kiputo kimoja, uunge, ufunge gurudumu.

Spiriti isibaki. Harufu yake ikisikika, endelea kuosha.

Ukifaulu: chini ya hadubini, vitundu vyote ni vyeupe na vinapitisha mwanga. Chenye povu kina pete nyeusi.

## Hatua ya 7: Pima mvuto

Mvuto wako ni tofauti ya kimo kati ya uso wa maji kwenye sahani ya kibao na uso wa maji kwenye bilauri iliyo chini. Sentimita 10 ni sawa na takriban paskali 980. Ipime kwa rula na uiandike daftarini, maana kesho utataka kuirudia.

Ncha ya mpira izame ndani ya maji ya bilauri. Ikining'inia hewani, kila tone linapokua na kudondoka, mvuto unapanda na kushuka, na yai linatetemeka chini ya sindano.

Anza na sentimita 3. Kwa sato, sentimita 3 hadi 8 zinatosha. Ganda likianza kuchomoza kuingia kwenye kitundu, umezidisha.

Jambo la kukumbuka: kitundu kisicho na yai ni uvujaji. Maji yanapita hapo kwa wingi, na mvuto wa vingine vyote unashuka. Usifungue gurudumu kabla vishimo vyote havijajaa. Kama una mayai matano tu, jaza vitatu vilivyobaki kwa mayai yasiyorutubishwa.

## Hatua ya 8: Panga mayai

Kamua jike aliyeiva na dume kwenye sahani kavu, changanya, kisha ongeza maji na uandike saa. Kwenye maji ya nyuzi 28, yai la sato hukaa seli moja kwa zaidi ya saa moja kabla ya kugawanyika, wakati samaki pundamilia hutoa takriban dakika 45 tu. Muda upo, lakini si wa kupotezwa kwenye kutafuta koleo.

Utaona upande mmoja wa yai kunakusanyika kofia ya rangi hafifu juu ya kiini cha njano. Hiyo ndiyo saitoplazimu, ute hai wa seli, na ndiyo unayoilenga. Kwenye ganda, juu ya kofia hiyo, kuna kijitundu kilichopitisha mbegu ya dume. Kofia ielekee kwenye ukuta uliolala, yaani upande wa sindano.

Geuza kila yai kwa unywele uliogundishwa kwenye kijiti, si kwa koleo la chuma. Yakikaa yote, fungua gurudumu polepole.

Ukifaulu: ukisogeza sahani huku na huku, maji yanacheza lakini mayai hayageuki. Kama hata moja linageuka, usidunge. Rudi hatua ya 6.

## Hatua ya 9: Dunga

Kata ncha ya sindano ibaki na uwazi wa maikromita 5 hadi 10. Pima tone kwenye mafuta ya madini: tone lenye kipenyo cha milimita 0.125 ni nanolita 1, na la milimita 0.1 ni nusu nanolita. Kipenyo kikiongezeka mara mbili, ujazo unaongezeka mara nane, kwa hiyo macho hayatoshi. Tumia rula ya hadubini.

Anza mazoezi kwa maji yenye fenoli nyekundu peke yake, nanolita 1. Leta sindano kwa nyuzi 45, sambamba na ukuta wa mbele, na uingie kupitia kijitundu cha ganda. Ganda litabonyea kidogo, kisha litaachia. Simama hapo, usisukume zaidi. Toa dawa, hesabu mbili, chomoa kwa njia ile ile.

Ukifaulu: wingu dogo jekundu linabaki ndani ya kofia. Likionekana kati ya ganda na yai, hukuingia. Likizama kwenye kiini cha njano, ulipitiliza.

Funga gurudumu, inua bilauri juu kidogo kuliko sahani, kisha ufungue gurudumu tena polepole. Maji yatarudi nyuma na kuyainua mayai yenyewe. Usiyang'oe.

## Hatua ya 10: Linganisha vikundi vitatu

Gawa mayai ya jike mmoja mara tatu: yasiyoguswa, yaliyoshikiliwa na kibao bila kudungwa, na yaliyodungwa. Watu wengi huruka kikundi cha pili, na bila hicho huwezi kujua kinachoua ni kibao au ni sindano.

Jike wa sato huatamia mayai mdomoni na kuyageuza muda wote, kwa hiyo yakilala tuli kwenye sahani huota ukungu. Yaweke kwenye chupa ya soda iliyopinduliwa, maji yakiingia kutoka chini na kuyabingirisha taratibu.

Angalia baada ya saa 24. Yaliyokufa huwa meupe. Kikundi cha pili kikifa zaidi ya cha kwanza, punguza mvuto au panua kishimo. Kama viwili vya kwanza viko sawa na cha tatu kinakufa, sasa ndiyo wakati wa kuilaumu sindano.

Yai lililodungwa, hata kwa rangi tupu, lisimwagwe kwenye mfereji unaoelekea ziwani. Lichemshe kabla ya kulitupa. Na ukitaka kuingiza vinasaba badala ya rangi, pata kwanza kibali cha usalama wa bayoteknolojia. Kazi hiyo haianzi kwa makubaliano ya maabara peke yake.

## Ukitaka kushikilia seli ndogo zaidi

Kanuni za ukuta na mvuto hazibadiliki, ila vipimo vinabadilika sana. Seli ya maikromita 100, kama yai la panya, inahitaji kitundu cha takriban maikromita 20. Eneo la kitundu hicho ni dogo mara 400 kuliko cha kwetu, na nguvu ya kushika inapungua mara 400 kwa kimo kile kile cha maji. Hapo mpira wa dripu hautoshi. Utahitaji bomba la sindano lenye skrubu ya kuvuta kidogo kidogo.

Povu nalo linakuwa adui mkubwa zaidi: kwenye kitundu cha maikromita 20 linaweza kuhimili karibu mita moja na nusu ya maji. Maji yote yapite kwenye chujio la maikromita 0.22, maana punje moja ya vumbi inaziba kitundu.

Printa ya resini haifiki vipimo hivyo. Kalibu yake huchongwa kwa mwanga kwenye bamba gumu la silikoni ya kutengenezea chipu (si silikoni laini ya kumimina), na kwa maabara nyingi za huku njia nafuu ni kuagiza kalibu hiyo tayari kisha kumimina PDMS wenyewe. Kalibu moja ikitunzwa hutoa vibao vingi: ihifadhi imefunikwa, usiiguse kwa kidole, na usiibandue silikoni kwa kitu cha chuma.